Kupitisha nyaya za gia kwenye fremu ya zamani ya baiskeli ya mbio

Baiskeli za mbio za chuma zilizoundwa Uingereza, Ufaransa, Italia na Japani kati ya miaka ya 1960 na 1980 hufika Dar es Salaam zikiwa zimechanganyika na mitumba mingine, na anayebahatika kuipata moja huwa amepata fremu ambayo, ikitunzwa, itamfaa kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba nyingi hufika zikiwa na nyaya zilizooza kwa kutu, zilizokatwa, au zilizofungwa upya na mtu asiyeijua fremu ya aina hiyo. Gia zikianza kusita au kuruka, lawama huiangukia friwili (seti ya sproketi za gurudumu la nyuma), cheni au diraila (kifaa kinachohamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine), na mwenye baiskeli huingia gharama ya kununua vipuri badala ya vile ambavyo havikuwa na kosa lolote. Diraila haifanyi kitu zaidi ya kufuata mvuto wa waya. Waya ukipita njia mbaya, hata diraila mpya itafanya kazi vibaya. Kwa sababu hiyo, ninalolisisitiza hapa ni kuiamua njia nzima ya waya, tangu kwenye shifta (mkono wa kubadilishia gia) hadi kwenye bolti ya diraila, kabla ya kukata hata kipande kimoja cha kava, yaani ganda la nje la waya.

Kuisoma fremu

Kwenye fremu nyingi za wakati huo, shifta hukaa kwenye bomba la chini, yaani lile linaloshuka kutoka kwenye shingo ya usukani hadi kwenye bomba fupi linalobeba ekseli ya pedali. Shifta ya kulia huendesha diraila ya nyuma, na ya kushoto huendesha ya mbele. Nyaya zote mbili hushuka zikiwa uchi, bila kava, sambamba na bomba hilo, na zikifika kwenye bomba la ekseli hugeuka na kuachana: mmoja hupanda kwenye diraila ya mbele, na mwingine hufuata bomba jembamba la nyuma lililo upande wa cheni, ambalo nitaliita bomba la cheni, hadi kwenye kikomo kidogo, yaani kishikizo cha ncha ya kava, kilicho karibu na mwisho wake. Hapo ndipo kava huanza, likapinda na kuingia kwenye diraila ya nyuma. Mpangilio huu ni bora kuliko unavyosifiwa, kwa kuwa msuguano mwingi hutokea ndani ya kava, na hapa kava ni kipande kimoja tu cha sentimita 25 hadi 30.

Jambo la kwanza la kutazama ni mahali nyaya zinapogeukia, kwa kuwa fremu haziko sawa. Fremu nyingi za zamani zaidi hupitisha nyaya juu ya bomba la ekseli, kwa vielekezi vya chuma vilivyolehemiwa hapo au kwa kielekezi cha bendi kinachofungwa kwenye bomba la chini, sentimita chache juu ya maungio. Fremu za baadaye, hasa za miaka ya 1980, huzipitisha chini ya bomba la ekseli, kwenye kipande cha plastiki chenye mifereji miwili kilichoshikwa na skrubu moja. Usichague wewe, fremu imekwisha kuchagua. Tazama kikomo cha kava kwenye bomba la cheni: kikiwa upande wa juu wa bomba, au ubavuni, waya ulikusudiwa kupita juu ya bomba la ekseli, kikiwa upande wa chini, ulikusudiwa kupita chini. Mtu akifunga kielekezi cha chini kwenye fremu ambayo kikomo chake kiko juu, waya hulazimika kulikata bomba la cheni kimshazari, na kila unapobadili gia waya huo hukwaruza rangi, kisha chuma chenyewe. Nimewahi kushika fremu iliyopitia hali hiyo, na ukipitisha ukucha juu ya bomba la cheni unauhisi mfereji mwembamba ambao waya umeuchimba, wenye kutu ndani yake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Jambo la pili ni kama shifta zinafungwa kwenye vishikizo vilivyolehemiwa kwenye bomba au kwa bendi. Zikiwa za bendi, pima kipenyo cha bomba kwa kalipa. Bomba la chini la fremu nyingi za Uingereza, Italia na Japani ni la milimita 28.6, ilhali fremu nyingi za Kifaransa, zikiwamo za Peugeot, zilitumia bomba la milimita 28. Tofauti ni ndogo machoni, lakini bendi ya milimita 28.6 ikifungwa kwenye bomba la milimita 28 huteleza kuelekea chini kila unapovuta shifta kwa nguvu, na matokeo yake waya hulegea na gia hupotea. Kata ukanda wa bati la kopo la soda, ulainishe kingo zake kwa msasa, uuzungushe kwenye bomba mara moja, kisha ufunge bendi juu yake. Baadhi ya fremu zina kijiti kidogo kilicholehemiwa chini ya bomba kwa ajili ya kuizuia bendi isishuke; ukikiona, iegemeze bendi hapo. Usijaribu kuondoa utelezi kwa kukaza bolti kupita kiasi, kwa maana mabomba mazuri ya zamani, kama yale ya Reynolds 531, yana ukuta usiofika milimita moja katikati ya bomba, na bendi iliyokazwa mno huweza kulibonyeza.

Kwa sababu hiyohiyo ya wembamba, ninaomba sana usipeleke fremu ya namna hii kwa fundi wa kuchomelea mageti ili akuongezee kikomo au kielekezi. Vishikizo vya asili vililehemiwa kwa shaba au fedha, kwa joto la chini kuliko lile la kuchomelea kwa umeme, na fundi hodari wa mageti anaweza kulitoboa bomba kabla hajagundua. Vielekezi na vikomo vya bendi vilitengenezwa kwa wingi zamani, bado vinapatikana, na havileti madhara vikifungwa kwa kiasi.

Waya na kava

Ukienda kwenye duka la vipuri vya baiskeli Kariakoo ukaomba waya bila kufafanua, kuna uwezekano mkubwa wa kupewa waya wa breki. Waya wa gia una unene wa milimita 1.2 hivi, na wa breki ni milimita 1.5 au 1.6. Vichwa vyake pia havifanani: kichwa cha waya wa gia ni kidogo, cha mviringo kama kipande cha risasi, na lazima kiingie chote kwenye tundu la shifta na kuweza kugeuka humo. Wapo wanaokichonga kichwa cha waya wa breki kwa tupa hadi kiingie. Waya huo utafanya kazi kwa muda, lakini ni mgumu kupinda, unakwaruza mifereji ya vielekezi, na kichwa kilichochongwa hukatika bila taarifa. Ukiwa na shifta za Campagnolo, fahamu kwamba kichwa chake ni chembamba kidogo kuliko cha Shimano. Hivyo nenda dukani na shifta yenyewe mkononi, ujaribu kabla ya kulipa. Waya wa urefu wa mita 2 unatosha kwa fremu yoyote na unabaki.

Nunua waya usioshika kutu. Kwa mji uliokaa baharini kama huu, hasa kwa mtu anayeishi Msasani au Kigamboni, waya wa kawaida uliopakwa zinki huanza kuota unga mweupe, kisha kutu, na kutu hiyo huanzia ndani ya kava ambako huioni. Tofauti ya bei inalipwa na muda utakaokaa bila kubadilisha waya.

Kuhusu kava, kinachoamua ni aina ya shifta. Shifta za msuguano, ambazo hushikilia mahali popote unapoziacha, zinavumilia kava la kawaida ambalo ndani yake kuna utepe wa chuma uliozungushwa kama springi. Shifta za hatua, zinazolia kidogo kwenye kila gia, hazivumilii. Shimano walipoleta mfumo wao wa shifta za hatua, SIS, kwenye seti ya Dura-Ace mwaka 1984, walilazimika kuuambatanisha na kava jipya lenye nyaya nyembamba nyingi zilizolala kwa urefu, kwa kuwa kava la kuzungushwa hujibana kidogo waya unapovutwa, na kubana huko kunatosha kuikosesha diraila gia yake. Kava hilo la gia lina unene wa milimita 4 au 5. Mimi hulitumia hata kwenye shifta za msuguano, kwa sababu mkono unahisi vizuri zaidi kinachotendeka nyuma. Lakini kamwe usilitumie kwenye breki: nyaya zake zilizolala zimeshikwa na plastiki tu, na nguvu ya mkono unapofunga breki ghafla yaweza kulipasua.

Mbali na hivyo, utahitaji vikofia vya kuvalisha ncha za kava, kikofia cha kufunika mwisho wa waya, koleo kali la kukatia nyaya, tupa ndogo, grisi nyepesi na spana zinazofaa bolti zako.

Waya wa nyuma

Kabla ya kuingiza waya, hakikisha skrubu za mipaka za diraila, zinazoizuia isivuke sproketi za mwisho, zimewekwa sawasawa. Zungusha pedali kwa mkono waya ukiwa haujafungwa: springi inapaswa kuipeleka diraila chini ya sproketi ndogo kuliko zote, na cheni itembee hapo bila kelele. Isipokaa sawa bila waya, haitakaa sawa ikiwa na waya. Kisha sukuma shifta ya kulia mbele kabisa, ili uanze kufunga waya ukiwa katika hali ya ulegevu kamili.

Ingiza waya kwenye tundu la shifta na uuvute hadi kichwa kikae ndani kabisa. Ushushe kwenye ubavu wa bomba la chini, uupitishe kwenye mfereji wake, na uufikishe kwenye kikomo. Nyaya nyingine hupita chini ya bendi ya mahali pa chupa ya maji au hugusa pampu iliyofungwa kwenye fremu. Ondoa kila kitu kinachougusa waya kati ya shifta na kielekezi, kwani waya uchi unatakiwa kuning'inia hewani na kugusa vielekezi peke yake. Kielekezi cha chuma cha juu kikiwa kimeliwa na waya wa zamani, utauona mfereji mkali uliokatwa ndani yake. Usugue kwa msasa laini hadi uwe duara tena, vinginevyo waya mpya utasagwa uzi mmoja mmoja kama kamba ya kisima kwenye ukingo wa jiwe. Kielekezi cha plastiki cha chini kikiwa kimepasuka, kibadilishe. Kikikosekana kabisa, unaweza kukipitisha kipande cha mrija mwembamba wa plastiki, kama ule unaotoka ndani ya kava la zamani la breki, juu ya waya mahali unapogeuka, ili chuma kisikutane na chuma.

Sasa ni zamu ya kava fupi la nyuma, na hapa ndipo ninapokushauri utumie muda wako mwingi. Usikate kwa kukadiria. Chukua kipande kirefu kuliko kinachohitajika, kivalishe kwenye kikomo cha bomba la cheni, kisha kikunje kuelekea kwenye diraila na utazame jinsi kinavyotaka kukaa chenyewe. Kava zuri hutoka kwenye kikomo likiwa limenyooka sawa na bomba la cheni kwa sentimita chache, likachora mpindo mpana usio na kona, likaingia kwenye diraila likiwa limenyooka tena. Likiwa fupi, litaingia kwenye diraila kimshazari na kuuvuta waya pembeni, hasa cheni ikiwa kwenye sproketi kubwa, kwa kuwa diraila husogea mbele na ndani. Likiwa refu mno, litaning'inia nje ambako litagongwa na miguu ya wapita njia kila unapoegesha, na mpindo wa ziada ni msuguano wa ziada. Isukume diraila kwa mkono hadi sproketi kubwa, kisha iachie irudi, huku ukilitazama kava: ncha zake zisinyanyuke kwenye vikomo katika sehemu yoyote ya safari hiyo.

Ukate kwa koleo kali, kwa mkupuo mmoja. Koleo butu hulibonyeza kava na kuziba tundu lake. Baada ya kukata, itazame ncha kwenye mwanga: mara nyingi mrija wa plastiki wa ndani umeshikana midomo, na nyaya za chuma zimetokeza upande mmoja. Sugua ncha kwa tupa hadi iwe bapa, kisha tumia spoki iliyochongwa kufungua mdomo wa mrija hadi uwe duara kamili. Ukilishika kava kati ya vidole na kupitisha waya, unapaswa kupita bila kukwaruza kabisa, kama haupo. Ukisikia hata ukwaruzo mdogo, rudia. Kosa hilo dogo la ncha ndilo litakalokusumbua barabarani ukidhani kuwa friwili imekwisha. Valisha vikofia vyote viwili, upake grisi kidogo sana kwenye ile sehemu ya waya itakayokuwa ndani ya kava, na upitishe.

Kwenye diraila, waya hubanwa kati ya bolti na washa. Igeuze washa hiyo uitazame: utakuta mfereji mdogo ulioachwa na waya wa miaka iliyopita, na mwelekeo wa mfereji huo unakuonyesha upande ambao waya ulipaswa kupita. Kuupitisha waya upande wa pili wa bolti hubadilisha umbali wa mvuto, na kwa shifta za hatua hilo linatosha kuvuruga gia zote. Vuta waya kwa koleo kwa nguvu ya wastani, ulegevu uishe bila diraila kusogea, na ukaze bolti bila kuusaga waya.

Sasa shika waya katikati ya bomba la chini na uuvute kwa nguvu kutoka kwenye bomba mara kadhaa. Kinacholegea si waya kurefuka; ni kava kukaa vizuri kwenye vikofia na kichwa kukaa kwenye tundu lake. Legeza bolti, ondoa ulegevu uliojitokeza, ukaze tena. Baada ya hapo gia hazitabadilika sana katika siku za mwanzo.

Waya wa mbele

Upande wa mbele una kazi ndogo, kwa kuwa kwenye fremu nyingi hauna kava kabisa. Iweke diraila ya mbele kwenye sproketi ndogo na shifta ya kushoto mbele kabisa, pitisha waya kwenye mfereji wake, upandishe hadi kwenye bolti na ukaze. Angalia mambo mawili tu. Kwanza, waya unapopanda usiiguse tairi ya nyuma wala bomba la kiti. Pili, baadhi ya diraila za zamani zinahitaji kava fupi na kikomo cha bendi chini yake. Diraila ikiwa na kikombe cha kupokea kava, usiifunge kwa waya uchi, kwa kuwa mkono wake hauwezi kufanya kazi ipasavyo bila kitu cha kusukuma dhidi yake.

Kukata mkia na kurekebisha

Jaribu gia zote kwa kuzungusha pedali baiskeli ikiwa imening'inizwa, kisha uiendeshe mahali penye mwinuko, kwa kuwa gia zinazokubali hewani hukataa chini ya uzito. Kwa Dar es Salaam, ambako barabara nyingi ni tambarare, kilima cha Chuo Kikuu pale Mlimani kinatosha kwa jaribio hilo. Shifta ya msuguano ikijirudia yenyewe unapokanyaga, cheni itashuka kwenye sproketi ndogo bila kuamriwa. Kaza skrubu ya shifta robo mzunguko na ujaribu tena. Ikikataa kushika hata baada ya kukazwa, ifungue na upange washa zake upya, kwani mara nyingi imekosekana moja au zimebadilishana nafasi. Shifta ya hatua ikichelewa kupanda, ongeza mvuto kwa skrubu ya mrija iliyo nyuma ya diraila, pale kava linapoingia, nusu mzunguko kwa wakati mmoja.

Ukiridhika, kata mkia wa waya uache sentimita 4 hivi, na uvalishe kikofia papo hapo. Usipokuwa na kikofia, weka tone la gundi kali mahali utakapokata, liache likauke, kisha kata katikati ya gundi, nyuzi hazitafumuka. Mafundi redio wengi watakubali kukuwekea risasi kwenye ncha, lakini risasi ya kawaida haishiki vizuri kwenye waya usioshika kutu, na huchomoka yote ikiwa kipande kimoja.

Kielekezi kilicho chini ya bomba la ekseli ndicho kinachopokea maji na matope yote yanayorushwa na tairi ya mbele, kwa hiyo wakati wa masika, Machi hadi Mei, kifute kila unaporudi kutoka kwenye barabara zenye mchanga. Nyaya zilizo uchi usizipake grisi, kwa maana vumbi la Dar huigeuza kuwa msasa; zifute kwa kitambaa chenye oili kidogo, kisha zikaushe. Ukiwa umepita kando ya bahari, suuza waya na diraila kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uzikaushe kabla ya kuiweka baiskeli ndani. Mvua za masika zikiisha, legeza waya wa nyuma, ulivue kava kwenye kikomo, ulitelezeshe pembeni na ufute sehemu ya waya iliyokuwa ndani yake. Hapohapo, vuta shifta nyuma na utazame waya unapotoka kwenye kichwa chake. Uzi mmoja ukiwa umekatika pale, badilisha waya wote siku hiyohiyo, na kava fupi la nyuma ulibadilishe pamoja nao.